Yule wa Waya

Nilipostaafu ualimu, watu walitegemea nifungue genge au nifuge kuku wa mayai kama wastaafu wenzangu. Mimi nikaenda kuosha mabanda ya mbwa. Dada yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye Mwembesongo tangu tulipobaki wajane wote wawili, jioni moja akiwa anachambua mchele alisema, "Miaka yote ile ya chaki, halafu mavi ya mbwa." Alikuwa amesema kweli, na sikuwa na kweli nyingine ya kumpa.

Kituo chenyewe kilikuwa kwenye kiwanja cha mhadhiri mstaafu wa mambo ya mifugo, mtu niliyemfahamu kanisani. Sote tulimwita Daktari. Alijenga mabanda ya matofali na wavu nyuma ya nyumba yake, kule lami inapoishia na mlima unapoanza, akawa anapokea mbwa waliogongwa, waliomwagiwa maji ya moto, waliotupwa. Alitafuta mtu wa kumsaidia asubuhi. Vijana aliowaajiri walikuwa wanakaa mwezi, wanapata kazi ya kubeba zege, wanaondoka. Nami nyumbani nilikuwa nimechoka kukaa na kusikiliza redio. Nikasema nitajaribu.

Kazi ya mbwa haina siri. Unafika, wanabweka wote kwa pamoja kama darasa lisilo na mwalimu. Unaanza na mavi: unayachota kwa koleo, unayafukia shimoni, unayamwagia chokaa. Unapiga maji mabanda, unasugua kwa ufagio mgumu. Kisha sufuria: dona, dagaa waliovunjika wanaobaki chini ya magunia sokoni, na siku za neema mapafu kutoka machinjioni. Ugali wa mbwa unasongwa mwepesi, unapozwa kabisa, maana mbwa mwenye njaa hana subira, ataunguza koo. Dawa ya minyoo unaificha ndani ya tonge. Kupe unawatoa kwa vidole, mmoja mmoja, unawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Wenye upele unawaogesha kwa dawa, ukimaliza mikono inawasha hadi usiku. Na kila baada ya muda unakuta kiroba getini kinachezacheza, ndani kuna watoto wa mbwa hata macho hawajafungua. Aliyewaleta hutamwona. Watu wa mjini kwetu wana aibu ya kuua, wanaona afadhali wakupe wewe uwaangalie wakifa.

Majirani hawakutupenda. Harufu, kelele, na zaidi ya vyote lile sufuria. "Watu wanalala na njaa, nyie mnapikia mbwa," mama mmoja aliniambia nikipita na ndoo. Nilimwambia, "Leta sahani." Akasonya. Malalamiko yao yalikuwa yamefika ofisi ya mtaa, na Daktari alishaitwa huko mara kadhaa.

Alikuwa na sheria moja: mbwa wa pale hawapewi majina. "Ukimpa jina umeshamchukua," alisema. "Hapa hatuchukui. Tunatibu, akipatikana mtu mwema tunampa." Basi tukawa tunawaita kwa kile walichokuja nacho. Kulikuwa na wa kiroba, wa reli, wa gereji. Na kulikuwa na huyu ninayetaka kumsimulia, yule wa waya.

Aliletwa na wanafunzi wa chuo waliokuwa wamepanda mlimani kutembea. Walimkuta amelala kando ya njia karibu na kijito, wakambeba kwa zamu hadi barabarani, wakamfunika sweta ndani ya bajaji. Harufu ilishuka kabla yake. Mbwa wa kahawia, dume, mbavu nje, shingo imevimba kama amemeza tufe. Kumbe alifungwa waya shingoni, waya mwembamba ule wa kutegea wanyama, akiwa bado mdogo. Akakua, waya haukukua. Nyama ilikuwa imeufunika kabisa, na mle ndani funza walikuwa wanatembea.

Daktari alimchoma sindano ya usingizi, nami nikashika tochi. Aliukata waya kwa koleo ndogo, akawa anauvuta taratibu, nao ukawa unatoka na usaha na manyoya. Msichana mmoja kati ya wale wanafunzi alitoka nje akatapika. Mimi sikutapika. Mimi ni mtoto wa huko huko milimani, nilizaliwa kijiji cha misheni, na baba yangu alikuwa na mbwa wa kulinda shamba ambao sikumbuki hata siku moja kuwaona wakipewa chakula. Walijitafutia. Nilikuwa najua vizuri waya ule umetoka wapi.

Kumtunza kulichukua muda mrefu. Kila asubuhi kabla ya sufuria nilianza naye. Maji ya uvuguvugu na chumvi, kitambaa safi, dawa ya rangi ya zambarau, dawa ya kuzuia nzi. Siku za mwanzo alikuwa anatetemeka mwili mzima lakini hajaribu kung'ata, anageuza tu uso ukutani. Hakuweza kumeza tonge, nikawa namkorogea uji na kumpa kwa kiganja. Hakuweza kubweka pia. Wenzake wakibweka, naye alifungua mdomo, hakuna kinachotoka. Nyama mpya ilipoota ikafunga, pakabaki pete ya ngozi isiyo na manyoya kuzunguka shingo. Akanenepa. Akaanza kunisubiri. Nikikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kuchambua dagaa, anakuja ananiegemea mgongo wake mguuni, anaangalia mbele, kama watu wawili kwenye benchi la kituo cha basi. Siku alipobweka kwa mara ya kwanza, sauti ilikuwa kavu, ya kukwaruza, mimi na Daktari tulitazamana tukacheka.

Nilimwomba dada nimlete nyumbani. Akasema, "Akiingia yeye, natoka mimi." Basi.

Wale wanafunzi walikuwa wanakuja kumtazama. Siku moja walipiga naye picha, amependeza, wakaituma kwenye makundi yao ya simu. Picha ikapanda mlima haraka kuliko mtu.

Mwenye mbwa alikuja asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa bado na ufagio mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, umri wa wale niliowafundisha miaka yangu ya kwanza, amevaa buti za mpira na fulana iliyofuliwa vizuri. Alivua kofia. Nyuma yake alikuwepo mzee mmoja, mwenyekiti wa kitongoji chao, aliyemleta awe shahidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Karibuni."

"Tumemfuata mbwa wetu. Tuliona picha yake."

Nilijua kabla hajamaliza. Niliegemeza ufagio ukutani. "Mbwa gani?"

"Yule wa kahawia. Yule pale." Alikuwa ameshamwona kupitia wavu.

"Wewe ndiye uliyemfunga waya?"

Hakukana. Nilitamani akane. "Alikuwa anatafuna kamba, mama. Kila kamba nikimfunga anatafuna. Mnyororo hatuna. Waya ulikuwepo."

"Na shingo yake ulikuwa huioni?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa kujifanya. "Nilikuwa namwona kila siku," alisema. "Ukimwona mtu kila siku, huoni." Kisha alitambua lafudhi yangu, akahamia Kiluguru, akaniuliza mimi wa ukoo gani. Nikajikuta nimemjibu. Yeye akamtaja bibi yake, nami nilimfahamu huyo bibi. Hadi leo jambo hilo linaniuma: kwamba kwa dakika chache tuliongea kama watu wa nyumbani, na moyo wangu ukalegea bila ruhusa yangu.

Daktari alitoka, akawasikiliza, kisha akaniita pembeni kwenye upenu wa stoo.

"Mbwa ni mali ya mtu, mwalimu," alisema. "Tukimkatalia, kesho tutaitwa wezi wa mbwa. Unajua ofisi ya mtaa inatafuta sababu tu."

"Na akifa?"

"Tutakuwa tumefanya la kwetu."

"Daktari, uliutoa waya ule kwa mkono wako."

"Najua nilichokitoa." Hakuniangalia. Alikuwa anatazama mabanda. "Nikimng'ang'ania huyu mmoja wakanifungia, hawa wengine wote wataenda wapi? Wewe niambie, wataenda wapi."

Sikuwa na pa kuwapeleka. Alirudi kwa wageni na masharti. Alileta mkanda mpya wa ngozi, mzuri, wenye bizimu ya shaba. Akasema mbwa avae huu, asifungwe waya tena, afunguliwe mchana, apewe chakula kila siku, aletwe kuchanjwa. Kwa kila sharti yule bwana aliinamisha kichwa. "Hakuna shida, Daktari. Hakuna shida kabisa." Nimefundisha watu wazima na watoto, na sijasikia maneno mawili yanayofunga mlango kwa adabu kama hayo.

Nikaenda kumfungulia. Nitasema nilichokuwa nakitaka: nilitaka aogope. Nilitaka atetemeke kama siku zile za kwanza, ajikojolee, arudi nyuma ya miguu yangu, Daktari aone, mwenyekiti aone, aibu imshike kila mtu. Nilifungua mlango wa wavu nikasimama.

Yule bwana alipiga mluzi. Mluzi mfupi tu.

Mbwa alitoka kama jiwe lililorushwa. Alimrukia kifuani, akalia, sauti nyembamba ya mtoto ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akazunguka, akaanguka chali, akasimama tena, akawa anailamba ile mikono. Ile ile. Mimi niliyemlisha kwa kiganja nilikuwa nimesimama pale na mlango mkononi, na hakugeuka. Yule bwana naye machozi yalimlengalenga. Alikuwa anampapasa kichwa na kumwambia pole, pole, ulikuwa wapi wewe.

Mwenyekiti alicheka. "Mnaona wenyewe? Damu inamjua mwenyewe."

Wakaondoka naye, mkanda mpya unang'aa shingoni juu ya ile pete ya ngozi. Nilimalizia kusugua mabanda. Jioni nilimsimulia dada. Aliniacha nimalize, akasema, "Sasa ulitegemea nini? Akuage?"

Masika yalipita, mahindi ya milimani yakaanza kukomaa. Nilijiambia nimeshamsahau. Jumapili moja, nilipotoka misa ya kwanza, sikurudi nyumbani. Nilichukua bodaboda hadi pale barabara inapoishinda pikipiki, nikapanda kwa miguu, napumzika kwenye kila kona kama kizee nilichokuwa. Kijiji nilikijua. Nyumba niliulizia.

Mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshuka mjini na mboga. Nilimkuta mkewe anapukuchua maharage uani. Alinipokea vizuri sana, akanitolea kiti, akanipa maji. Nilipokaa nikamwona mbuzi amefungwa kwenye mti wa parachichi. Shingoni alikuwa na mkanda wa ngozi wenye bizimu ya shaba.

"Huo mkanda ulikuwa wa mbwa," nilisema.

"Ndiyo. Mzuri sana. Tuliona avae mbuzi." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwamba sahani nzuri huwekwa kwa ajili ya wageni.

"Na mbwa?"

Alinyoosha mkono. Mbwa alikuwa juu kidogo, kwenye ukingo wa shamba, amefungwa kwenye kigingi. Nilipanda. Alikuwa amekonda tena. Waya ulikuwa shingoni, mahali pale pale, na ile ngozi changa ilikuwa imechanika. Aliniona, akapiga mkia chini mara chache, kisha akalaza kichwa. Hakunirukia. Sikustahili hata hilo, au hakuwa na nguvu, sijui.

Mwanamke alinifuata. Aliona uso wangu. "Mama, usitufikirie vibaya," alisema. "Tulimfungua, kama Daktari alivyosema. Mara ya kwanza akashuka, mume wangu akamkuta njiani kule chini. Tukamfungua tena, akashuka tena, akakutwa karibu na lami. Tukasema, huyu anakwenda wapi?"

Nilichuchumaa kando ya mbwa.

"Alikuwa anakuja kwenu," alisema. "Mlimlisha nyama. Sasa pumba hataki, anazinusa tu, anatuangalia. Mbwa wetu huyu zamani alikuwa anakula chochote. Ndiyo ikabidi tumfunge, na kamba anatafuna."

"Na msipomfunga akaondoka, kuna hasara gani?"

Akanionyesha shamba. Lilikuwa zuri, mahindi yamesimama hadi juu kwenye miamba. "Mwaka alipopotea, nguruwe pori walikula yote haya. Yote. Tulilala shambani kwa zamu tunapiga madebe, watoto asubuhi wanasinzia darasani. Mwalimu wao akawa anawachapa kwa kusinzia." Akamwangalia mbwa. "Tangu arudi, watoto wanalala."

Mimi nilikuwa mwalimu. Nimechapa watoto waliosinzia, na sikuwahi kuwauliza kulikuwa na nguruwe gani. Nilimwomba yule mama maji ya moto na chumvi. Alinichemshia. Nilimwosha mbwa kidonda, yeye akanishikia bakuli, nikamwomba walegeze waya na kuuzungushia kitambaa. Alikubali. Alisema hakuna shida.

Akanipikia magimbi na maharage, tukala pamoja. Aliongea habari za bei ya kabichi na goti lake. Nilipoondoka nilisikia kubweka nyuma yangu, ile sauti ya kukwaruza, mara nyingi, hadi kona ya tatu au ya nne. Sikugeuka. Ningegeuka ningemfungua, na ningemfungua, kesho yule bwana angekuwa getini na mwenyekiti wake, amevua kofia.

Nilimweleza Daktari. Alimpigia simu yule bwana palepale, akamfokea, jambo ambalo si kawaida yake. Nilikuwa nasikia sauti upande wa pili, tulivu, yenye heshima, inakubali kila kitu. Daktari alikata simu. Kisha akaniuliza kama wa reli ameshapewa dawa.

Siku zikaenda. Tulipoteza watoto wa mbwa kwa kuhara damu, tukawapata wengine. Wa gereji alichukuliwa na mwalimu mwenzangu wa zamani, nikafurahi kidogo. Kisha asubuhi moja nikamwona yule bwana anapandisha njia ya kituo, buti zile zile, mkungu wa ndizi begani. Alikuwa peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hata siku ile niliitikia. Mtu akikuamkia utafanyaje?

Alitua mkungu miguuni pangu. Akasema amekuja kutuarifu kwamba mbwa hayupo tena. Nguruwe walikuja kundi zima, dume kubwa likiongoza. Mbwa alikuwa kwenye kigingi chake. Walimsikia akibweka, wakatoka na mienge, wakachelewa.

"Alipigana vizuri," alisema. "Hakuwa na pa kukimbilia, lakini alipigana. Mahindi waliharibu kidogo tu."

Daktari alikuwa ametoka ndani, amesimama na miwani mkononi.

"Alikuwa mbwa mzuri sana," yule bwana aliendelea, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ndiyo maana nimekuja. Hapa kwenu mbwa wana nguvu, mnawalisha. Mnao wengi. Nilikuwa naomba mnisaidie mwingine."

Nilitegemea Daktari ajibu. Akasema, "Muulize mwalimu. Yeye ndiye anayekaa nao."

Basi wote wawili wakaniangalia. Nyuma yangu mbwa walikuwa wanarukia wavu, maana ugali ulikuwa umeshaiva.

"Hapana," nilisema.

"Hata jike?"

"Hata jike."

"Hata mwenye kasoro, mama. Wa kubweka tu."

"Hakuna wa kukupa. Na ndizi zako chukua."

Hakukasirika. Nadhani ningepata nafuu kama angekasirika, kama angenitukana akasema sisi tunathamini mbwa kuliko watu. Aliinamisha kichwa, akasema haya, ametuelewa. Ndizi alikataa kuzichukua, zawadi hairudi. Akatuaga kwa adabu, akamwombea Daktari afya njema, akashuka.

"Umemnyima," Daktari alisema, "lakini nguruwe hawajaondoka."

"Najua."

"Atatafuta kwingine."

"Najua, Daktari." Nikamwacha pale, nikaenda kugawa chakula.

Haikupita muda mrefu nikakutana sokoni na mwanamke wa kijiji kile anayeuza mboga za majani. Tulisalimiana, akanifungia mchicha, akanipa habari za nyumbani. Nilimuuliza kuhusu yule bwana, kama mbwa amepata.

"Amepata," alisema. "Kapewa na shemeji yake. Kadogo kabisa, keusi. Katamu hako! Watoto wanakapenda sana."